Juogi: Pepo wa Wajaluo katika Utafiti

Juogi ni pepo ambao Wajaluo wa Nyanza, kuanzia Asumbi na Homa Bay hadi Migori, huamini kuwa humpanda mtu na kusema kwa kinywa chake. Umoja ni juok. Neno hilo limezaa ajuoga, yaani mganga, na jajuok, mkimbiaji wa usiku anayeogopwa vijijini.

Dalili na uganga

Anayepandwa mara nyingi ni mwanamke, naye huanza kwa maradhi yasiyosikia dawa. Ajuoga hutupa gagi, yaani kauri, kisha husoma zilivyolala. Pepo wenyewe ni wa aina mbalimbali: wapo mumbo wa ziwani, na lang'o wanaonasibishwa na makabila jirani. Si lazima pepo apungwe aondoke: huweza kukaribishwa kwa ngoma na manyanga ya vibuyu, na aliyeanza akiwa mgonjwa akaishia kuwa ajuoga mwenye wateja wake. Nyawawa ni pepo wa namna nyingine. Hao hawampandi mtu, bali hupita tu, na wanakijiji hugonga sufuria, debe na mabati ili waendelee na safari yao.

Wachunguzi

Paul Mboya aliandika mila za Wajaluo kwa lugha yao mwaka 1938. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alichapisha makala juu ya kisasi cha mizimu miongoni mwa Wajaluo mwaka 1950. Mwaka 1964 Michael Whisson aliyaweka mambo haya pamoja na maradhi yasiyo na kasoro ya mwili inayoonekana. Parasaikolojia ya J. B. Rhine huko Marekani, iliyopima uwezo wa kutambua mambo bila kutumia hisi kwa kadi 25 zenye alama tano, haina msaada mkubwa hapa: kadi humpima mtu mmoja mezani, ilhali juogi hutokea mbele ya ndugu na majirani.

Legio Maria

Mwaka 1963 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza Legio Maria, vuguvugu lililojitenga na Kanisa Katoliki. Legio haikukana kuwapo kwa pepo. Iliwatoa kwa rozari na maji ya baraka, jambo lililowavuta wengi waliochoka kulipa waganga. Aoko alijitenga baadaye. Ondeto alifariki mwaka 1991, na Got Kwer, Migori, pamebaki mahali pa hija kwa wafuasi.

Hospitalini

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-10, iliyofuatwa na ICD-11 mwaka 2022, ilihesabu kupagawa kuwa ugonjwa pale tu kunapotokea bila hiari na nje ya ibada au desturi inayokubalika.