Akiba ya Majani na Walinzi Wake

Ndugu mfugaji wa Pemba, masika majani ni tele. Kiangazi kikifika Micheweni, ng'ombe hukonda na maziwa hupungua. Ndiyo maana twasema: vundika majani. Lakini mbona hayaozi shimoni?

Huko Ufini, mtaalamu Artturi Virtanen alionyesha kwamba asidi ndiyo izuiayo uozo. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Ila asidi haiko peke yake. Mwaka 1928 wataalamu wa Marekani waliona vijidudu vya maziwa vikivizuia vingine visikue. Silaha yao ni protini. Mwaka 1947 huko Uingereza ikaitwa nisini. Baadaye vijidudu vyenye silaha za namna hiyo vilipatikana hata katika majani yaliyovundikwa.

Basi ndugu, walinzi hawa huwanunui, wamo majanini mwenyewe. Lakini hewa ikiingia hushindwa, na majani mabovu huweza kumfanya ng'ombe atupe mimba. Kwa hiyo katakata, shindilia sana, funika usiache upenyo. Penye ukungu, tupa. Wazee husema akiba haiozi. Ya majani huoza, isipofungwa.