Tomati na Ndugu Yake wa Mexico

Kila siku twanunua tomati sokoni Kolwezi kwa mchuzi wa bukari, wala hatuulizi zimetoka wapi. Wengi hudhani ni chakula cha wazee wetu tangu kale. Sivyo. Tomati ni mgeni katika nchi yetu, na jina lake ni geni vilevile.

Ilitoka Mexico. Waazteki wa huko waliita tomatl tunda la mviringo, la kijani, lililofunikwa na ganda jembamba kama karatasi. Lile jekundu tulijualo sisi waliliita xitomatl. Wahispania walipouteka mji wao mkuu mwaka 1521, hawakushika vema tofauti hiyo. Tunda jekundu likavuka bahari likiwa na jina la ndugu yake, likaenea Ulaya, na kwa midomo ya Wabelgiji jina hilo likafika Katanga. Mwenye jina alibaki kwao. Leo huitwa tomatiyo, yaani tomati ndogo.

Mengi ya habari hizi yalihifadhiwa na mtawa Mfransisko, Padre Bernardino de Sahagún, aliyefika Mexico mwaka 1529. Yeye hakudharau lugha ya wenyeji. Aliketi na wazee akawauliza juu ya desturi, dawa na mazao yao. Nao vijana waliosomeshwa katika chuo cha Tlatelolco wakayaandika majibu kwa lugha yao wenyewe. Hata muuza tomati hakusahauliwa: aliye mwema huuza tomati nzuri za kila namna, aliye mbaya huuza zilizooza na zilizopondeka. Miaka zaidi ya 400 imepita, na soko ni lile lile!

Sasa turudi kwetu. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya shaba, si kwa ajili ya kilimo. Mfanyakazi alipewa posho ya unga, na tangu zamani Katanga imenunua mahindi kutoka ng'ambo ya mpaka, nchi iitwayo sasa Zambia. Mwaka 1967 migodi ikawa mali ya Serikali, kisha yakaja makampuni mengine. Lakini mji haujajifunza kujilisha. Mashimo yameyala mashamba. Tena mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wakaao karibu na machimbo ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini. Kwa hiyo bustani ya nyumbani si mchezo, na mahali pake pachaguliwe vema: mbali na machimbo, na maji ya kuoshea madini, na vumbi la malori.

Adui mwingine ni baridi. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai hupoza udongo hata mbegu za tomati zikakawia au zikaoza. Anayetaka kupanda tomati, au tomatiyo akipata mbegu, asizitupe shambani wakati huo. Azioteshe mwishoni mwa Julai katika sanduku lenye udongo mwepesi, kina cha nusu sentimeta. Mchana sanduku likae juani, usiku liingizwe jikoni karibu na joto la moto. Baada ya majuma sita hivi, baridi ikiisha kupita, miche ihamishiwe bustanini, nayo inyweshwe maji hadi mvua za Oktoba. Tomatiyo huwa tayari tunda linapojaza ganda lake mpaka likapasuka.

Lakini jambo moja lapasa kukumbukwa. Tomati moja yaweza kuzaa peke yake. Tomatiyo haiwezi: shina lililo peke yake huchanua maua mengi, nyuki huyazuru, kisha maua huanguka bila tunda, kwa maana chavua yake yenyewe haiifai. Yataka shina la pili karibu. Basi apataye mbegu asizifiche. Apande mashina mawili au zaidi, na nyingine ampe jirani yake, ili nyuki wapite kati ya bustani zao na nyumba zote mbili zipate mboga.