Kabla Hujang'ata Mtu, Soma Sheria: Stori ya Gemu la Vampaya Mtandaoni

Ukitaka kujiunga na gemu la vampaya mtandaoni, usidhani utaingia tu na kuanza kung'ata watu shingo. Kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni sheria. Na sio mbili tatu, wakati mwingine ni kurasa nzima! Umri wako. Jina la mhusika wako. Nani anaruhusiwa kumuua nani. Mambo gani hayaigizwi kabisa. Wengi wanasoma nusu, wanabonyeza "nakubali", halafu wanakuja kulia baadaye.

Sasa kwa nini mchezo wa kujifanya mnyonya damu uwe na masharti mengi kuliko chumba cha kupanga? Ukifuatilia historia yake utagundua kitu kimoja: nyingi ya sheria hizi hazikutungwa na mtu aliyekaa tu akiwaza. Kuna mtu aliumia kwanza.

ILIANZIA MEZANI

Mwaka 1991 kampuni ya Kimarekani ya White Wolf ilitoa kitabu kinachoitwa Vampire: The Masquerade. Halikuwa gemu la kompyuta. Watu wanne watano wanakaa mezani na dadu za pande 10, kila mmoja anaigiza vampaya wake, na mmoja anakuwa Msimulizi, yaani ndiye anayeendesha stori.

Vampaya wa humu sio mumiani wa stori za bibi, anayekuja usiku, anachukua damu na kutokomea. Huyu ana njaa na ana dhamiri inayomsuta. Ana alama za Utu, kuanzia 10 kushuka chini. Akifanya unyama anaweza kupoteza alama, na zikifika sifuri mhusika si wako tena. Mnyama wa ndani amemchukua, unamkabidhi kwa Msimulizi.

Vampaya wenyewe nao wana mila zao 6. Ya kwanza ndiyo iliyolipa gemu jina: binadamu wasijue kwamba vampaya wapo. Nyingine inasema ukiingia mji wa wenzako, nenda kajitambulishe kwa mkubwa wa mji. Nyingine inakataza kumgeuza mtu kuwa vampaya bila ruhusa ya mkubwa wako. Kwa kifupi, piga hodi kwanza ndio uingie.

Mezani mambo yalikuwa mepesi. Mnafahamiana. Ukizingua, mwenzako anakuangalia tu usoni na unajua umezingua.

HALAFU LIKAHAMIA MTANDAONI

Michezo ya maandishi kwenye kompyuta ilikuwepo kabla ya hapo. MUD, iliyo maarufu kuliko zote za mwanzo, ilianza mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kazi ya wanafunzi wawili. Hakuna picha. Unaandika unachofanya, wengine wanasoma na kujibu. Mwaka 1989 ikaja TinyMUD huko Marekani, ambapo watu walikuja zaidi kupiga stori na kujenga vyumba kuliko kuua majoka. Kwa hiyo miaka ya 90 mashabiki wa vampaya walikuta nyumba imeshajengwa, wakahamia.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. La kwanza: nani amekufa? Mmoja anaandika, "Nimekukata kichwa." Mwenzake anajibu, "Hujanipata, nimeruka." Ni kama watoto na bunduki zao za miti, hakuna anayekubali kufa. Ndio ikawepo sheria ya kijiwe: andika unachojaribu kufanya, usiandike kinachompata mwenzako. Matokeo yataamuliwa na dadu au na Msimulizi.

La pili ni mtu kutumia siri anazozijua yeye, wakati mhusika wake hazijui. Umeona wenzako wanapanga kukusaliti, ghafla vampaya wako "anahisi" hatari na kukimbia. Huo ni wizi! Ikabidi maneno ya mhusika na maneno ya mchezaji yatenganishwe. Vijiwe vingi hutumia mabano mawili kuonyesha kwamba sasa anaongea mtu, sio vampaya.

Na kama drafti za mtaani, kila kijiwe kina sheria zake. Ukihama kijiwe, ulizia kwanza kabla hujaanza kubishana.

USIKU ULIOTIKISA WATU

Lakini kubishana nani kafa ni jambo dogo. Tukio lililofanya watu wafikiri upya halikutokea kwenye gemu la vampaya, lilitokea kwa jirani zake: LambdaMOO, dunia nyingine ya maandishi iliyoendeshwa kutoka kituo cha utafiti cha Xerox huko California.

Machi 1993 mchezaji mmoja, aliyekuwa na mhusika wa clown, aliingia sebuleni palipojaa watu. Alikuwa na programu ndogo iliyomwezesha kuandika vitendo vikaonekana kana kwamba wanavifanya wengine. Akaitumia kuwadhalilisha kingono wahusika wa wenzake mbele ya kila mtu. Wenye wahusika walibaki wanasoma tu kwenye skrini zao.

"Si maandishi tu hayo?" Ndivyo baadhi walivyosema. Lakini mwanamke mmoja aliyefanyiwa hivyo, siku iliyofuata, alikuwa akilia wakati anaandika kuhusu tukio hilo. Machozi yalikuwa ya kweli. Wachezaji wakaitisha kikao, wakabishana zaidi ya saa mbili, wakaachana bila muafaka. Mwishowe mmoja wa wenye mamlaka ya mitambo akaamua peke yake kumfuta. Baadaye mwanzilishi wa LambdaMOO akaweka utaratibu wa maombi na kura ili wachezaji waamue mambo yao wenyewe.

Somo likabaki kwa kila anayeendesha gemu la kuigiza: mhusika ni wa kubuni, ila mwenye mhusika sio wa kubuni. Usimfanyie mhusika wa mtu kitu ambacho mwenyewe hajakubali.

Mwaka huohuo wa 1993 White Wolf walitoa toleo la kuigiza kwa miguu, watu wakiwa wamesimama ukumbini na mavazi yao, na ugomvi unaamuliwa kwa jiwe, karatasi na mkasi. Masharti yake yakaja kuwa wazi kabisa: hakuna kugusana, hakuna silaha, hakuna pombe wala dawa, na kubwa kuliko yote, huu ni mchezo tu.

WALIOSAHAU KWAMBA NI MCHEZO

Novemba 1996 kijana wa miaka 16 kutoka Kentucky, aliyewahi kucheza gemu hili na aliyekuwa akijiita vampaya wa miaka 500, alifika Florida na wenzake. Wazazi wa binti aliyekuwa rafiki yake wakauawa nyumbani kwao. Mwaka 1998 alikiri kosa na kuhukumiwa kifo, na mwaka 2000 adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Kitabu hakikuua mtu, na maelfu waliocheza gemu hilohilo walirudi nyumbani wakalala. Lakini ukiwaza kuhusu watoto wale, utaelewa kwa nini vijiwe vingi vinauliza umri kabla ya kitu kingine chochote, na kwa nini admini anaingilia kati akiona mtu hatoki tena nje ya uhusika.

HATA WENYE GEMU WALIJIFUNZA

Polepole wachezaji wakatengeneza njia za kusema "basi" bila aibu. Moja ni kukubaliana mapema mambo yasiyoguswa kabisa, na yale yanayotajwa tu halafu pazia linashushwa. Nyingine ni kadi yenye alama ya X: ukiigusa, tukio linarukwa, na huulizwi sababu. Mwaka 2018 toleo la tano la Vampire lilipotoka, mambo hayo yalikuwa yameandikwa ndani ya kitabu chenyewe.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wenye kitabu ndio waliovuka mstari. Kitabu chao kingine kilichukua mateso halisi ya watu wa mapenzi ya jinsia moja huko Chechnya, Urusi, kikayageuza kuwa njama ya vampaya. Watu wakawaka. Watu walikuwa wameumizwa kweli, halafu msiba wao umefanywa pambo la gemu! Kampuni iliomba radhi, sehemu hiyo ikaondolewa, na Paradox, waliokuwa wameinunua White Wolf mwaka 2015, wakaifutia uhuru wa kujiendesha.

Kwa hiyo siku ukiingia kijiwe cha vampaya na kukutana na ile orodha ndefu, usiiruke. Pale panaposema usimdhibiti mhusika wa mwenzako, kumbuka yule mwanamke aliyekuwa analia huku anaandika.

Na wewe mdau, kama ungefungua kijiwe chako leo, sheria namba moja ingekuwa ipi? Dondosha yako hapo chini.