Kodi ya Barabara Ilitoka Kwenye Kioo Ikaingia Kwenye Tangi

Juzi nilikuwa kwa babu, upande wa Seme, nikimsaidia kupanga makaratasi yake. Wazee wetu mnawajua, karatasi haitupwi. Ndani ya mkebe wa biskuti nikapata kadi za ubatizo, risiti za karo za baba yangu, na chini kabisa vikaratasi vidogo vimefungwa na raba. Rangi imepauka, lakini namba ya gari inasomeka, mwaka unasomeka, muhuri uko.

"Kwara, hivi ni vya nini?"

Akacheka. "Hiyo ni rodi laiseni, nyathina. Wakati nilikuwa na pikapu. Bila hiyo hata Kisian hupiti."

Mimi nina miaka 23. Sijawahi kuona rodi laiseni kwa kioo cha gari yoyote. Na hapo ndipo nilianza kuchimba, kwa sababu najua serikali yetu: ikiacha kuchukua kodi mahali, kuna mahali pengine imeihamishia. Nilichopata ndicho nawaletea leo. Najua wengine mtasema niliacha chuo kwa hivyo nisifundishe watu historia. Sawa. Someni kwanza halafu mnitukane.

Mfumo wa zamani ulikuwa rahisi kueleza. Una gari, unalipia leseni ya kila mwaka, unapewa karatasi, unaibandika kwa kioo cha mbele. Karao akikusimamisha hapo Ahero, jicho lake linaenda kwa kioo kabla hata hajakusalimia. Imepitwa na tarehe? Shuka tuongee. Na mnajua "tuongee" ya barabarani huishia wapi.

Hatukuubuni sisi. Uingereza walianza kubandika karatasi yao ya duara kwa kioo mwaka 1921, na makoloni yao yakafuata desturi hiyo hiyo ya kulipa na kuonyesha. Wao wenyewe waliitoa tarehe 1 Oktoba 2014, kila kitu kikahamia kwa kompyuta. Sisi tuliwatangulia, lakini njia yetu ilikuwa tofauti kabisa.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha Sheria ya Hazina ya Ushuru wa Matengenezo ya Barabara. Maana yake ni kwamba kila lita ya petroli na dizeli inakatwa kitu kidogo cha kurekebisha barabara. Mwaka 1999 ikaja sheria ya Bodi ya Barabara Kenya, ndiyo isimamie hizo pesa. Kwa hivyo kwa miaka kadhaa mwenye gari alikuwa analipa mara mbili: kwa kioo na kwa pampu. Halafu mwaka 2006 waziri wa fedha, Amos Kimunya, akaondoa rodi laiseni kabisa. Watu walifurahi. Lakini bajeti hiyo hiyo ilipandisha ushuru wa mafuta kutoka shilingi 5.80 hadi shilingi 9 kwa lita. Karatasi haikufutwa bure. Iliyeyushwa ikamwagwa ndani ya tangi.

Tanzania walifanya vivyo hivyo 2017. Ada ya kila mwaka ya gari ikaondolewa, ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 zao kwa lita. Kwa hivyo si wazo la Nairobi peke yake.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu nikimuuliza babu anasema mfumo wa pampu ni bora. Anakumbuka foleni, anakumbuka siku nzima kupotea kwa sababu ya karatasi moja. Na ana pointi. Kwa pampu anayeendesha sana analipa sana. Mwenye gari la kwenda kanisani Jumapili halipi sawa na lori la kwenda Busia kila siku. Huwezi kukwepa, huwezi kughushi, na hakuna mtu wa kuhonga kati yako na pampu. Kwa upande wa kukusanya pesa, hii kitu ni safi.

Shida yangu iko kwingine.

Nina mjomba anavua Dunga. Boti yake ina injini ya petroli. Jioni anabeba jerikeni, anaenda kituo cha mafuta, ananunua, anarudi ziwani. Ile petroli imeshakatwa ushuru wa barabara kama ya gari lingine lolote, kwa sababu pampu haijui jerikeni inaenda wapi. Mjomba hana gari. Hana hata baiskeli. Lakini kila usiku akienda kutafuta mbuta na omena, analipia lami. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, akasema, "Kwani wameweka barabara huko katikati ya ziwa na hawajaniambia?"

Tulicheka, lakini fanyeni hesabu. Leo ushuru huo ni shilingi 25 kwa lita. Tuseme boti inakunywa lita 10 kwa safari moja. Hiyo ni shilingi 250 kila usiku, hata akirudi na nyavu tupu. Mwenye posho mill ya dizeli kijijini, yuko ndani. Mwenye pampu ya kunyunyizia mboga kule Nyakach, yuko ndani. Mtu wa nduthi anayechoma lita 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anatoa shilingi 22,500. Mwambie amelipa kodi ya barabara shilingi 22,500 mwaka huu, ataapa kwa mama yake kwamba hajawahi kulipa hata senti. Na hana karatasi ya kumwonyesha kwamba anakosea.

Rodi laiseni ilikuwa kero, lakini ilikuwa ushahidi wa pande mbili. Ilimwonyesha karao kwamba umelipa, na ilikuonyesha wewe kwamba unadai. Ukiingia shimo hapo Mamboleo na karatasi iko mbele ya macho yako, unajua nani unamtukana na kwa nini. Ile ya pampu imebaki na upande mmoja tu. Ndiyo, EPRA ikitangaza bei kila tarehe 14 inatoa pia mchanganuo, ukichimba utaiona. Ni wangapi huchimba?

Na hapa Nyanza tunapaswa kujua hii hadithi kuliko wengine, kwa sababu mambo ya kodi na karatasi yalianza nasi mapema. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence, na kodi ya nyumba ikaja karibu wakati huo huo. Baada ya Vita vya Kwanza ikaongezwa kipande, ile karatasi ya kuvaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Mwanaume alitembea na ushahidi kwamba ametii, lakini hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha serikali inamdaiwa nini.

Mwaka 1920 kodi hiyo ilifika shilingi 16. Desemba 1921 watu wakakutana Lundha, Gem. Ndiyo ile Piny Owacho, nchi imesema. Jonathan Okwiri na wenzake walitaka kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, watu wapate shule na hati za ardhi. Hebu soma tena hiyo orodha. Hawakusema tu "kodi ni nyingi". Walisema, tumelipa, sasa iko wapi shule? Gavana Northey ilibidi aje Nyahera, hapa tu juu ya Kisumu, mwaka 1922 kuwasikiliza. Kodi ikashuka hadi shilingi 12. Mwaka 1923, chini ya Arkidikoni Owen wa Maseno, chama chao kikageuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Wengine wanasema Owen alikituliza makali, na nadhani ni kweli. Lakini angalia jina: walipa kodi. Miaka mia moja iliyopita babu wa babu zetu walijua kwamba mlipa kodi ni mtu wa kudai.

Sasa rukeni na mimi hadi 2024, mwaka wetu. Mswada wa Fedha ulileta kodi ya gari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 na isizidi 100,000, ilipwe wakati wa kukata bima. Yaani rodi laiseni imefufuka, imevaa suti. Tulikataa. Tarehe 18 Juni wakatangaza wameitoa kwenye mswada pamoja na kodi ya mkate. Tarehe 25 tukawa barabarani, Kondele mnakumbuka ilivyokuwa, na tarehe 26 Rais akasema hatatia sahihi mswada wote. Kuna vijana wa rika langu hawakurudi nyumbani siku zile.

Halafu Julai, mwezi uliofuata, ushuru wa barabara kwenye mafuta ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Shilingi saba kwa lita, bila maandamano hata moja ya maana. Kodi ya gari tuliiona kwa sababu ilikuwa na jina, asilimia, na ingekuja na karatasi. Ya tangi ilipita katikati ya miguu yetu. Mimi mwenyewe nilipiga kelele sana Juni, na Julai sikuposti chochote. Nilikuwa sijui. Hiyo inaniuma.

Na zile shilingi saba hazikukaa. Mwaka 2025 serikali ilizitumia kama dhamana ya kupata shilingi bilioni 175 za kulipa wakandarasi waliokuwa wanadai. Yaani lita atakayonunua mjomba mwaka ujao, sehemu yake imeshauzwa leo. Labda ni uamuzi mzuri, barabara nyingi zilikuwa zimekwama. Lakini hakuna aliyemuuliza yeye, kwa sababu kwenye vitabu yeye hata si mlipa kodi ya barabara.

Kitu cha mwisho. Nduthi za umeme zimeshaingia Kisumu, na betri haikati ushuru wa lita. Zikiongezeka, pampu itaanza kukauka na kodi itatafuta kioo tena, safari hii kwa simu. Hiyo siku itafika. Ikifika nisingependa tuikatae tu kwa kelele, wala tuipokee usingizini. Tuseme hivi: sawa, tutalipa, lakini upande wa pili wa karatasi urudi. Risiti ya mafuta iandike shilingi ngapi zimeenda barabarani. Bodi ituonyeshe, kaunti kwa kaunti, zimetengeneza nini. Na mtu wa ziwani atafutiwe njia ya kurudishiwa yake, au angalau zijenge gati na barabara ya kufika ufuoni.

Babu nilimwomba kikaratasi kimoja. Akakataa. Anasema hajui kama siku moja wataanza kumdai ya pikapu.

Wewe unayesoma hii, leo ukiweka mafuta zidisha lita zako kwa 25. Andika jibu hapa chini tuone tunalipa ngapi.