Nani Mwenye Hadithi? Snow White, Mahakama na Wachoraji wa Filmation

Mjadala uliokuwapo mwaka 2025 kuhusu nani anafaa kuigiza Snow White ulinishangaza kwa jambo moja: wengi walijadili kana kwamba hadithi ile ilizaliwa katika studio za Disney. Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm waliichapisha Ujerumani mwaka 1812, nao waliipokea kutoka kwa wasimulizi. Hata wao waliibadilisha. Katika toleo la kwanza, malkia anayetaka kumuua binti ni mama yake mzazi. Toleo la 1819 likamgeuza kuwa mama wa kambo. Mbilikimo saba hawakuwa na majina, na hakuna busu lililomwamsha binti. Watumishi waliobeba jeneza walijikwaa, kipande cha tofaa chenye sumu kikamtoka kooni. Majina tunayoyajua na busu lile ni mambo ya filamu ya Disney iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Desemba 1937.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Katika miaka ya 1980, studio ya Filmation ya California, iliyojulikana kwa katuni za televisheni, ilianza kutengeneza filamu za kuendeleza hadithi za kale pale zilipoishia. Kisheria hadithi yenyewe ilikuwa mali ya umma, lakini nyongeza za Disney hazikuwa hivyo. Disney ikaifikisha Filmation mahakamani. Filamu ya Snow White ikapoteza jina lake la awali na kuitwa Happily Ever After. Mbilikimo saba wa kiume hawamo. Mahali pao wapo binamu zao saba wa kike, kila mmoja akiwa na mamlaka juu ya sehemu ya maumbile: udongo, jua, maji, maua na kadhalika. Malkia amekufa, na kaka yake, Lord Maliss, amekuja kulipiza kisasi. Mwana mfalme anatekwa, na safari hii ni Snow White anayekwenda kumtafuta.

Sauti yake ilikuwa ya Irene Cara, mwimbaji aliyezaliwa New York kwa baba wa Puerto Rico na mama wa Kuba, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kihispania, aliyekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa wimbo wa filamu ya Flashdance. Waliopiga kelele mwaka 2025 wangefanya vyema kulikumbuka hilo. (Sisi nasi tunayo kesi yetu na kampuni hiyo hiyo: mwaka 2003 Disney ilisajiliwa Marekani kuwa mwenye alama ya biashara ya maneno “hakuna matata” kwa ajili ya mavazi. Maneno hayo tuliyasema kabla Simba hajachorwa.)

Hata hivyo, sehemu ya historia hii inayonigusa zaidi haimo katika hadithi, imo katika ajira. Studio nyingi za Marekani zilikuwa zimekwisha kuhamishia kazi ya uchoraji Asia, ambako ujira ulikuwa mdogo. Lou Scheimer, mmoja wa waasisi wa Filmation, alishikilia kwamba kazi hiyo ifanyike nyumbani, na wachoraji walimheshimu kwa hilo. Lakini studio ilimilikiwa na Westinghouse, na mapema mwaka 1989 Westinghouse iliiuza kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na L’Oréal, kampuni ya vipodozi. Hadithi ya malkia na kioo kinachotaja aliye mzuri kuliko wote ikaangukia mikononi mwa wauza urembo! Ukiandika hivyo katika riwaya, mhariri atakukatalia.

Tarehe 3 Februari 1989 studio ilifungwa na wafanyakazi wakaachishwa kazi. Nawaomba wanaosomea sheria za kazi, na ninyi watumishi wa umma mnaoziandika, muitazame tarehe hiyo. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha mwaka 1988 sheria ya kumtaka mwajiri mkubwa atoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kituo cha kazi. Sheria ilianza kutumika tarehe 4 Februari 1989. Kati ya kupitishwa kwa sheria na kuanza kutumika kwake kulikuwa na miezi sita, na wachoraji wa Filmation waliondoka katika siku ya mwisho ya miezi hiyo. Bunge huiacha nafasi ya namna hiyo ili waajiri wajiandae. Tunaweza kuuliza wajiandae kwa lipi.

Happily Ever After ilifika katika kumbi za Marekani Mei 1993, zaidi ya miaka minne baadaye, na haikupata watazamaji wengi. Mwishoni, baada ya wimbo, majina ya wachoraji yalipita kwenye kioo cha sinema, chini ya jina la studio ambayo haikuwapo tena.