Cheti cha Mganga Malindi: Cheki Kimetoka Wapi Kabla Utoe Doo

Ukishuka matatu Malindi ama Kilifi, mabango ya "daktari wa miti shamba" hayakosi: sukari, presha, mpaka kurudisha mpenzi. Ndani unaonyeshwa cheti ukutani, nembo ya serikali iko. Manze, hapo ndipo wengi huingizwa boksi.

Cheti hicho kwa kawaida hutoka idara ya utamaduni, si wizara ya afya. Kinamtambua kama mtu wa mila, hakisemi anajua kutibu figo zako. Sheria ya Afya ya 2017 iliahidi bodi ya kusimamia watabibu hawa, lakini ikasema lazima Bunge kwanza lipitishe sheria nyingine ya kuiunda.

Dawa yenyewe ndiyo rahisi kucheki. Ya chupa ama ya tembe, uliza namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. (Mwarobaini wa nyanya hauna namba, na hakuna anayekushtaki.)

Akianza kukutajia jirani aliyekuroga, toka. Sheria ya Uchawi ya 1925 inamkataza, na Kilifi wazee wameuawa kwa maneno kama hayo.

Na zile tembe zako za presha, usiziwache.