Jina la Askari: Kumbukumbu ya Vita vya 1914–1918 katika Mawe na katika Lugha

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Samora, limesimama sanamu la shaba la askari Mwafrika aliyeelekeza mbele bunduki yenye singe. Waingereza waliliweka hapo mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Zamani mahali hapo palikuwa na sanamu la gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, na miguuni pake askari Mwafrika. Waingereza waliliondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Kwa macho tu, basi, twaweza kusema kwamba askari alipandishwa cheo: alitoka chini ya mkubwa wake, akasimama juu ya jiwe peke yake.

Linalotuhusu sisi wanafunzi wa lugha ni maandishi ya jiwe hilo. Yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanamwahidi yule aliyeipigania nchi yake kwamba, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. (Nchi ipi, mtu angeweza kuuliza, lakini hilo tuliache.) Ahadi ni nzuri. Hata hivyo, anayelizunguka sanamu lote hatakuta jina la askari hata mmoja.

Upungufu huo haukutokana na uhaba wa nafasi kwenye jiwe. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika utumishi wa Uingereza wakati wa vita hivyo, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa mashariki na Wamisri. Mzungu alipewa kaburi lake. Mwafrika aliingizwa katika jumla.

Upande wa Kongo mambo hayakuwa tofauti sana. Vikosi vya Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, viliingia Kigali mwezi wa Mei 1916, Kigoma mwezi wa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Mwaka uliofuata vilifika hadi Mahenge. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi, ambao idadi yao ilipita laki mbili, na wengi wao waliuawa na njaa, kuhara na uchovu kuliko risasi. Baadaye Tombeur alipewa ubaroni, na neno Tabora likaongezwa katika jina lake: Tombeur de Tabora. Jenerali akaongezewa jina. Kijana aliyeanguka Itaga au Usoke, katika mapigano ya kuukaribia mji huo, jina lake halikutangazwa popote.

Itaga na Usoke zenyewe zinajulikana. Ni majina ya barabara za Kinshasa, kama ilivyo Tabora. Vita vya pili viliongeza mengine kutoka Uhabeshi: Asosa, Gambela na Saio, ambako Waitalia walijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert mwezi wa Julai 1941. Bukavu kuna kambi ya Saio, na Kinshasa kuna soko la Gambela, ambamo mama hununua samaki bila kuwaza kwamba anataja uwanja wa mapigano. Serikali ya Wabelgiji ilihifadhi mahali pa ushindi, wala si watu walioshinda.

Lugha yetu nayo ilitenda vivyo hivyo, ingawa bila kukusudia. Kiswahili, kilichosikika pande zote mbili za mapigano, kililichukua jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kikalifanya Kariakoo. Leo ni mtaa na soko la Dar es Salaam. Kundi zima limeingia katika lugha, lakini mpagazi mmoja mmoja ametoka.

Hapa ndipo hasara inapokuwa kubwa kuliko ile ya jiwe tupu. Katika jamii nyingi za Katanga, kwa mfano miongoni mwa Waluba, mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na kwa njia hiyo marehemu hurudi nyumbani. Lakini ili jina lirithiwe, sharti kifo kijulikane. Aliyekufa njiani kwenda Tabora, bila barua wala mjumbe, hakuwa marehemu kwa mama yake, alikuwa amepotea. Matanga hayakukaliwa. Na aliyepotea husubiriwa, haitwi mtu mwingine kwa jina lake.

Walioona vita hivyo hawapo tena, lakini wajukuu na vitukuu wapo, na majina wanayo. Wanafunzi wetu wanaokusanya majina ya watu vijijini huuliza maana yake, nao hujibiwa kwa methali. Ingefaa waulize pia jina hilo lilitoka kwa nani, lilirithiwa lini, na kama kuna ndugu ambaye jina lake halikupewa mtoto yeyote.